Subira ya Mara ya Pili

Mwishoni mwa Machi 2020 serikali ya Uganda ilisimamisha magari ya abiria, ikafunga karibu kila biashara isiyohusu chakula na dawa, na ikaamuru watu wawe majumbani ifikapo saa moja jioni. Wakati huo nchi haikuwa imetangaza kifo hata kimoja cha korona, wala haikutangaza hadi Julai. Hata hivyo Kampala ilitii. Wachuuzi wa soko la Nakasero walilala sokoni ndani ya vyandarua, kwa kuwa agizo lilisema anayetaka kuendelea kuuza chakula asiwe akirudi nyumbani kila siku. Juni 2021 amri ikarejea, ya siku 42. Safari hii ugonjwa haukuwa tena habari ya kusikia redioni: wodi zilijaa, oksijeni ikawa haba, na misiba ilikuwa ya majirani. Na bado subira ya safari hii ilikuwa fupi, yenye maswali na manung'uniko.

Hatari iliongezeka, subira ikapungua. Jambo hili linanisumbua, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba watu huvumilia kwa kadiri ya hofu yao. Ingekuwa hivyo, Aprili 2020 ndio ungekuwa mwezi wa manung'uniko na Juni 2021 mwezi wa utulivu. Yalitokea kinyume, na hayakutokea Uganda peke yake.

Jibu la haraka ni uchovu. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa mwongozo mzima kuhusu uchovu huo mwaka 2020, na tangu hapo limekuwa jibu la kila mtu: watu walichoka. Lakini uchovu huponywa na mapumziko. Chukua Nairobi nchini Kenya: ilifungwa Aprili, ikafunguliwa Julai 7, 2020. Kafyu ilibaki, ikisogezwa mbele na kurudishwa nyuma, ila kwa zaidi ya miezi minane mtu aliweza kupanda basi akaenda Kisumu au Mombasa bila kusimamishwa kizuizini. Ijumaa ya Machi 26, 2021, Rais Uhuru Kenyatta alipozifunga kwa pamoja kaunti za Nairobi, Kiambu, Kajiado, Machakos na Nakuru, wakazi wake hawakuwa wametoka kifungoni jana yake. Walikuwa wamepumzika. Kama kilichopungua kingekuwa nguvu, kingekuwa kimesharudi. Kilichopungua ni kitu ambacho mapumziko hayakirudishi, na ndicho ninachotaka kukitafuta.

Nianze na muda. Waislamu wa Nairobi walipata Ramadhani mbili ndani ya amri hizi. Ya 2020 iliingia mwishoni mwa Aprili, misikiti ikiwa imefungwa nchi nzima. Tarawehe ilisaliwa sebuleni, baba akiwa imamu wa wanawe. Mei 6, mwezi ukikaribia nusu, Eastleigh pamoja na Mji wa Kale wa Mombasa zikafungwa zenyewe, hakuna kuingia wala kutoka. Ya 2021 iliingia katikati ya Aprili, misikiti ya Nairobi ikiwa imefungwa tena huku ya Mombasa ikiwa wazi, na wa Nairobi wakabaki wakisikiliza simulizi za ndugu zao wa pwani mpaka amri ilipoondolewa Mei 1.

Sasa, mfungo wenyewe ndio shule kubwa ya subira tuliyo nayo. Mfungaji hukaa na njaa zaidi ya saa kumi na tatu, na hukaa nayo kwa utulivu, kwa sababu magharibi haijawahi kukosa kuja. Njaa yake na njaa ya asiye na unga huenda zikalingana tumboni. Tofauti ni kwamba moja ina saa yake ya kwisha na nyingine haina. Kinachomlemea mtu ni kutojua mwisho kuliko maumivu yenyewe, na yeyote aliyewahi kumsubiri mgonjwa nje ya chumba cha upasuaji anajua kwamba saa sita zilizotajwa ni nyepesi kuliko saa mbili zisizotajwa.

Aprili 6, 2020 watu wa Nairobi waliambiwa jiji lao litafungwa kwa siku 21. Zikaongezwa 21 nyingine, kisha 21 tena, kisha 30, hata siku 21 zikawa miezi mitatu. Uganda ilianza na siku 14. Uingereza ilianza na wiki tatu. Kila nyongeza ilikuwa na sababu zake za kitabibu, nami siwalaumu wataalamu waliokuwa wakipapasa gizani pamoja nasi. Lakini kila nyongeza iliwafundisha watu namna ya kuisikia tarehe. Serikali ilipotaja siku 42 mwaka 2021, masikio ya Kampala hayakusikia 42. Yalisikia idadi isiyojulikana iliyovishwa nguo za tarakimu. Basi amri ya mara ya pili, hata pale ilipokuwa fupi zaidi, ilikuwa ndefu zaidi kwa aliyeipokea.

Hata hivyo muda haumalizi maelezo. Lipo la pili, na kwangu ndilo zito zaidi.

Mchukue mtu wa kibarua cha siku, wa Mukuru kule Nairobi au wa Kisenyi kule Kampala. Wiki ya kwanza ya amri alikula akiba. Akiba ilipokwisha alikwenda kwenye chama, na wenzake wakakubali apokee zamu yake mapema. Kisha likaja daftari la duka: unga leo, mafuta keshokutwa, jina lake likishuka ukurasa mzima. Mwenye nyumba alinyamaza mwezi mmoja, na wapo waliofanya zaidi, kama yule wa Nyandarua ambaye magazeti yaliandika Machi 2020 kwamba amewasamehe wapangaji wake kodi. Shangazi wa kijijini akampakilia mahindi kwenye lori la mizigo. Binamu aliyeko Doha au Muscat akatuma alichokuwa nacho kabla na yeye hajasimamishwa kazi. Tulipomtazama mtu huyu kutoka mbali tulisema ni mvumilivu. Ukweli ni kwamba hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kilichokuwa ndani ya kifua chake. Mwenye duka alivumilia deni, mwenye nyumba alivumilia kodi, shangazi alivumilia ghala kupungua. Subira tuliyoiona kwake ilikuwa jumla ya subira za watu waliomkubalia.

Serikali nazo zilichangia mara ya kwanza. Kenya ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili 1, 2020. Kutuma pesa kwa M-Pesa zisizozidi shilingi 1,000 kukawa bure hadi mwisho wa mwaka, jambo linaloonekana dogo kwa asiyejua ni ndugu wangapi wanaoishi kwa mia tatu mia tatu. Uganda iligawa Kampala na Wakiso kilo sita za unga wa posho na kilo tatu za maharagwe kwa kila mtu. Ugawaji ulikuwa na kasoro na malalamiko, lakini lori la unga lilipoingia mtaani lilisema kitu ambacho hotuba haiwezi kukisema: anayekuomba ukae ndani anajua kwamba ndani kuna tumbo.

Mara ya pili daftari lilikuwa limejaa. Mwenye duka naye alikuwa anadaiwa na muuzaji wa jumla, na yale maandishi ya ukutani ya kwamba kukopa harusi kulipa matanga hayakuwa tena mapambo. Wenye nyumba waliokuwa wamenyamaza walikuwa wameshaanza kung'oa milango na mabati ili kumtoa mpangaji. Vyama vingi vilikuwa vimevunjika. Kenya ilikuwa imeirudisha kodi kwenye asilimia 16 tangu Januari 1, 2021, na ada za kutuma pesa zilikuwa zimerudi, karibu miezi mitatu kabla ya kaunti tano kufungwa. Uganda ilizipa familia zilizoorodheshwa shilingi 100,000 kwa njia ya simu, kila familia mara moja. Zigawe kwa siku 42, utapata chini ya shilingi 2,400 kwa siku kwa nyumba nzima, na familia nyingi hazikuorodheshwa. Kwa hiyo amri ya pili ilidai subira ileile kutoka kwa mtu yuleyule, baada ya kuondolewa kila kilichoizalisha.

Hapa nitapingwa, na pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa Epictetus, mwanafalsafa wa kale. Alizaliwa mtumwa, akaishi kwa mali kidogo sana, na akafundisha kwamba kilicho chetu kweli ni hukumu zetu juu ya mambo, siyo mambo yenyewe. Marcus Aurelius, aliyetawala Roma wakati wa tauni, aliyakubali mafundisho hayo, lakini kaisari mwenye maghala si shahidi mzuri wa njaa. Epictetus ni shahidi mzuri. Akituambia kwamba mtu asiye na kitu anaweza kusubiri, hatuna haki ya kumkatalia.

Simkatalii. Wapo watu wa aina hiyo, na nimewaona. Ila subira yake ni ya mtu na nafsi yake. Aprili 2020, kule Kisauni, Mombasa, mama mmoja mjane aliteleka mawe kwenye sufuria ili wanawe wadhani chakula kinaiva na walale wakingoja. Kila aliyesoma madrasa hapa pwani alishtuka kwa sababu ya pili, kwa kuwa kisa hicho alikijua tangu utotoni: Khalifa Umar akizunguka usiku nje ya Madina, akamkuta mama na watoto wanaolia, na chungu kisichokuwa na chakula. Huenda mama wa Kisauni angeweza kuivumilia njaa yake mwenyewe mpaka mwisho. Njaa ya watoto haikuwa yake kuivumilia. Hakuna hukumu ya ndani ya nafsi inayoweza kuikubali kwa niaba yao, na falsafa inayomtaka aikubali imekosea mlango. Kilichofanya kazi usiku ule ni jirani aliyesikia watoto wakilia na kuwaita waandishi wa habari, kisha pesa zikaanza kuingia kwenye simu kutoka kwa watu wasiomjua. Katika kisa cha Umar pia, hakumhubiria mama yule subira. Alibeba unga mgongoni mwake mwenyewe, na mtumishi wake alipotaka kumpokea mzigo alikataa, akisema hatabebewa dhambi zake Siku ya Kiyama.

Mwanazuoni Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ana katika Ihya Ulum al-Din kitabu kizima juu ya subira, lakini hakukiacha kiwe cha subira tu: aliiunganisha na shukrani chini ya anwani moja. Yeye alikuwa akizungumzia mja na Mola wake. Mimi nimejikuta nikiuleta muungano huo chini, kati ya mtu na mtu, na naona unakaa vizuri. Anayepokea subira ya mwingine amepokea kitu cha thamani, na asiposhukuru kwa kitendo hatapewa tena kwa moyo uleule. Uingereza ililionyesha hili bila kukusudia. Kila Alhamisi saa mbili usiku, kuanzia Machi 26 hadi Mei 28, 2020, watu walisimama milangoni na madirishani wakawapigia makofi wahudumu wa afya. Januari 2021, wakiwa katika amri yao ya tatu, ilijaribiwa kurudishwa desturi ile, ikafifia mara moja. Wahudumu wenyewe walikuwa wakisema wazi kwamba wanahitaji mishahara na vifaa. Makofi yalikuwa shukrani ya kweli mara ya kwanza. Mara ya pili yalisikika kama badala ya shukrani.

Je, watu hawakujifunza chochote? Walijifunza sana. Mara ya pili mama mboga alikuwa na wateja kwenye WhatsApp na kijana wa boda boda wa kuwapelekea. Darsa za Kurani zilikuwa zimehamia Zoom, na wazee walijua kufungua maikrofoni. Machi 26, 2021, mara baada ya hotuba ya Rais Kenyatta, wapo waliofunga mabegi wakakimbilia mabasi kabla ya saa sita usiku, kwa kuwa walishajua kwamba kufungiwa ukiwa ushago, karibu na shamba, ni afadhali kuliko kufungiwa kwenye chumba cha kupanga. Wengine walikuwa wamezijua njia za panya zote: unashuka kabla ya kizuizi, unapita shambani kwa mguu, unapanda gari jingine mbele. Nahesabu hata hayo kuwa ni kujifunza. Mkono ulipata ujuzi, na ujuzi wenyewe ulikuwa pia kujua thamani halisi ya ahadi iliyotolewa. Ndiyo sababu watu walewale walionekana hodari zaidi na wenye utii mdogo zaidi kwa wakati mmoja.

Hapo naachana na wale wanaoisimulia mara ya pili kama anguko. Linganisha siku mbili. Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu nchini Kenya, umati ulikuwa kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, ukingoja feri, ukijitahidi kufika nyumbani kwa wakati. Polisi waliwarushia mabomu ya machozi na kuwapiga kabla saa moja jioni haijafika. Watu walilala chini, wakainua mikono, wakakimbia. Siku tatu baadaye mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Nairobi, polisi wakitekeleza kafyu. Aprili 1 rais aliomba radhi kwa vitendo vya polisi. Aprili 17, 2021, polisi waliifunga barabara ya Thika baada ya saa ya kafyu, saa mbili usiku, na maelfu wakakwama kwa saa nyingi, wakiwamo wagonjwa ndani ya ambulensi na wauguzi waliotoka zamu. Safari hii watu walishuka kwenye magari. Walirekodi, walipiga honi, waliwauliza polisi kwa sheria gani, na kesho yake nchi nzima ilikuwa ikiuliza pamoja nao.

Kwa mpimaji wa utii, Likoni ilikuwa subira na Thika ilikuwa ukosefu wa subira. Mimi napima vingine. Mwaka 2020 tulikubali jambo tusilolijua: hatukujua ugonjwa, wala muda, wala gharama, wala mkono wa polisi. Kukubali kwa namna hiyo ni kwa mtu aliyeshtushwa, na naiheshimu huruma iliyokuwamo, lakini sithubutu kuiita ridhaa. Mwaka 2021 kila mmoja alijua bei. Aliyebaki nyumbani mara ya pili, huku daftari likiwa limejaa na unga haujaletwa, alibaki kwa sababu alikuwa na mama mwenye kisukari au jirani mwenye pumu, naye alipima akaamua. Alinung'unika, ndiyo. Manung'uniko yake yalikuwa hesabu iliyosomwa kwa sauti: hiki nimetoa, hiki sijapewa, hiki nitatoa tena kwa ajili ya fulani na siyo kwa ajili yako. Subira hiyo ni ndogo kwa wingi kuliko ile ya kwanza, na ni bora kwa aina.

Kwa sababu hiyo sifa ya kwamba watu wetu ni wavumilivu hunitia shaka kila ninapoisikia kutoka jukwaani. Husemwa kana kwamba subira ni kitu kilichomo ardhini, ambacho mtawala anaweza kuchimba kila mwaka bila kupanda. Wapo waliozaliwa na tabia ya utulivu, hilo ni kweli, lakini mtaa mzima hauwezi kuishi kwa tabia. Mtaa huishi kwa kukubaliana, na makubaliano yana pande mbili. Tanzania haikuwafungia watu wake ndani, kwa hiyo haikufika kwenye mtihani huu wa mara ya pili. Ilikuwa na mtihani wake wa tofauti, wa kukaa bila takwimu baada ya mwisho wa Aprili 2020, na huo unastahili insha yake.

Limebaki kundi moja ambalo hoja yangu hailigusi, nalo linaniuma. Uganda ilifunga shule Machi 2020. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba, mengine yakafuata kwa zamu mwaka 2021, na Juni yote yakafungwa tena. Zilifunguliwa kikamilifu Januari 10, 2022, baada ya karibu miaka miwili, muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani. Wapo wa madarasa ya chini ambao muda huo wote hawakukanyaga darasani. Mtu mzima angeweza kunung'unika, kukopa, kupita njia ya panya, kumuuliza polisi kwa sheria gani. Mtoto wa miaka saba hakuwa na daftari dukani, hakuwa na wa kumkatalia, na hakuna aliyemuuliza kama amekubali, mara ya kwanza wala ya pili. Tuliita ukimya wake subira kwa sababu ulitufaa. Shule zilipofunguliwa, wengine hawakurudi: wasichana waliokuwa wamebeba mimba au wamezaa, wavulana waliokuwa wameshazoea kulipwa kwenye machimbo na mashamba ya miwa. Serikali yoyote ya ukanda huu itakapokaa kuandika mpango wa janga lijalo, ningependa orodha ya wanaodai ianze na hao.